Vidole Vitatu Juu ya Maji

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mapipa mawili, nje ya geti la karakana ya boti, mgongo wa mkaaji unaegemea ukuta wa stoo ya rangi, na ukikaa hapo unaiona gati yote na boti zote zilizofungwa, ndiyo maana wanaokaa hapo wanaona bahari ni yao. Kahawa inachemka kwenye jiko dogo la mkaa, vikombe viko vitano na kimoja hakina mkono, na kila asubuhi wapo wale wale watatu: Babu Injini, fundi mashine aliyestaafu lakini hajaacha kunuka dizeli, Tanga, mshona matanga, anayeichukia kila injini aliyowahi kuisikia, na Nahodha Kavu, aliyekuwa karani wa stoo ya bandari miaka thelathini, hajawahi kulala baharini hata siku moja, na hakuna jambo la bahari asilolijua. Mimi si mtu wa kijiweni. Nilifika hapo saa mbili asubuhi, mtoto wa miezi minne mgongoni, kandambili mguu mmoja, kwa sababu maji yalikuwa yameingia kwenye boti, na ndani ya boti hiyo kulikuwa na kila kitu nilichonacho.

Babu Injini: Karibu, mama mtoto. Mbona kandambili moja?

Mimi: Nyingine inaelea, babu. Nimeamka, nimeshusha miguu, nimekanyaga maji. Maji, babu, juu ya mbao za sakafu! Nimechota ndoo kumi na moja. Baba mtoto anasema ni lile chujio, ameliona linavuja pale kwenye mfuniko, akaniambia nenda kawaulize wazee, wao ndio walionifundisha, mimi nafunga tanga kwanza halafu nalifungua nilisafishe, na saa sita tunaondoka. Saa sita! Siku tatu baharini! Na chumba tumesharudisha ufunguo, mpangaji mwingine ameshaingia na jiko lake, na kazi yake kule inaanza Jumatatu. Nataka mtu mmoja tu aniambie. Tunaondoka au hatuondoki?

Nahodha Kavu: Kunywa kahawa kwanza.

Mimi: Nanyonyesha, mzee.

Nahodha Kavu: Basi keti.

Mimi: Siketi.

Niseme hapa kwa asiyejua, maana hata mimi nimeyajua haya baada ya kuolewa na mtu wa boti. Boti ya matanga nayo ina injini, ndogo, ya kuingilia na kutokea bandarini upepo ukigoma. Injini hiyo inapozwa kwa maji ya bahari yenyewe. Kuna tundu chini ya boti, wamelitoboa kwa makusudi, juu ya tundu kuna vali ya kufungulia na kufungia, kutoka kwenye vali maji yanapanda kwa mpira hadi kwenye chujio, na ndani ya chujio kuna kikapu cha kunasa mwani na vipande vya nailoni visiende kuua pampu. La kwetu ni la zamani, la shaba ya njano, zito kama jiwe la kusagia, kioo pembeni, mfuniko juu wenye nati nne za masikio. Mara ya kwanza nilipoambiwa kwamba ninalala hatua mbili kutoka kwenye tundu la makusudi sikulala. Baba mtoto alicheka.

Babu Injini: Hilo chujio nalijua kuliko ninavyowajua watoto wangu. Mpira wa mfuniko nimeukata mwenyewe, kwa tyubu ya lori. Mwaka wa kumi na moja huu, halijatoa tone.

Tanga: Miaka kumi na moja mpira umelala kwenye chumvi na dizeli, na wewe unaringa?

Babu Injini: Mpira mzuri hauzeeki.

Tanga: Mwenye mpira je?

Babu Injini: Mwenye mpira bado anabeba betri ya lori kwa mkono mmoja. Wewe hata kikombe unashika kwa miwili.

Mimi: Wazee wangu, maji.

Babu Injini: Maji ni mwani huo. Kikapu kimejaa mwani, maji yanakosa njia, yanasukuma mfuniko, yanatafuta pa kutokea. Kijana akisafisha kikapu, kwisha habari.

Mimi: Lakini injini ilikuwa imezimwa, babu. Imezimwa tangu wiki iliyopita. Nani anayasukuma?

Babu Injini akanywa kahawa. Alinywa muda mrefu kidogo kwa kikombe kidogo kama kile.

Nahodha Kavu: Binti kauliza vizuri. Injini ilizimwa, sawa. Na kabla ya kuzimwa, ilikuwaje?

Mimi: Ilichemka. Wiki iliyopita baba mtoto aliiwasha kuijaribu, haikufika dakika kumi, mshale wa joto ukapanda, na lile bomba la nyuma likawa linatema maji kidogo halafu moshi mtupu, maji kidogo halafu moshi mtupu. Akafungua chujio. Kikapu kilikuwa safi, nilikishika mimi mwenyewe.

Nahodha Kavu: Yavuyavu.

Tanga: Unasemaje?

Nahodha Kavu: Yavuyavu, wale viumbe wa kutetemeka kama ute wa yai. Wanavutwa na joto la injini. Anaingia mmoja, anaziba, injini inachemka. Injini ikizimwa anajiachia taratibu, anatoka kwa alikoingilia, ukifungua kikapu unakuta hakuna kitu. Ushahidi anaondoka nao.

Babu Injini: Yaani yavuyavu ana akili ya kujificha?

Nahodha Kavu: Nimekaa bandarini miaka thelathini.

Tanga: Kwenye stoo! Ulikuwa unahesabu mashuka ya mabaharia!

Nahodha Kavu: Na mabaharia walikuwa wanazungumza. Mimi nilikuwa nasikiliza. Ndiyo tofauti yangu na wewe.

Mtoto akaanza kujinyonganyonga mgongoni, nikawa nayumba huku nimesimama, nayumba na kutazama gati, boti yetu ile pale ya tatu, nyeupe, mgongo wa baba mtoto unaonekana akihangaika na tanga, na mimi nawaza akimaliza tanga anashuka ndani, anakwenda kwenye chujio. Nikauliza kitu nilichokuwa nakiwaza tangu alfajiri.

Mimi: Akilifungua hilo chujio, maji si yataingia? Si lazima afunge kwanza ile vali ya chini?

Wakacheka. Wote watatu, na Tanga akajimwagia kahawa kwenye goti.

Babu Injini: Mama mtoto, sikiliza nikwambie. Anayefunga vali ni mgeni. Sisi hapa, boti ikija, ukimwona mtu anainama kufunga vali kabla ya kufungua chujio, unajua huyu katoka kwingine. Boti ile nimeipima kwa mkono wangu. Mdomo wa chujio uko vidole vitatu juu ya usawa wa bahari. Vitatu! Unafungua mfuniko, vali iko wazi, na maji yanakusubiri mle ndani yametulia kama chai. Unatoa kikapu, unakikung'uta, unarudisha, unafunga. Ukirudi hapa kahawa haijapoa.

Nahodha Kavu: Nimeshuhudia.

Tanga: Umeshuhudia ukiwa umekaa hapo hapo.

Nahodha Kavu: Macho yangu yanafika.

Babu Injini: Na ndivyo nilivyomfundisha mumeo. Ana mkono mwepesi yule. Usimtie hofu, mwanamume akiwa na hofu anavua nati vibaya.

Nilijaribu kutulia, kweli nilijaribu. Watu hawa wamezeekea hapa, baba mtoto anawaheshimu kama baba zake, na mimi nimefika kidato cha nne nikafeli mtihani wa fizikia, kwa hiyo nani anisikilize. Lakini hesabu ya ndoo ilikuwa haikubali.

Mimi: Basi kama mdomo uko juu ya bahari, ndoo kumi na moja zimetoka wapi?

Tanga: Sasa mnisikilize mimi, maana hawa wawili wamekunywa dizeli. Tatizo ni injini yenyewe. Boti ya matanga haikuomba injini. Mtu kaja, kaitoboa tumbo, kaiwekea chuma. Unadhani mbao hazisikii? Mbao zinabana na kuachia, zinabana na kuachia, kila siku zinajaribu kuisukuma ile injini itoke. Siku zikifanikiwa, ndiyo maji hayo.

Babu Injini: Mbao zinaisukuma injini.

Tanga: Taratibu.

Babu Injini: Kwa miaka kumi na moja.

Tanga: Zina subira. Dawa yake ni moja. Unachukua kitambaa cha tanga, unakiloweka kwenye nta, unaziba lile tundu moja kwa moja, injini unaiuza, unakwenda kwa upepo kama mtu mwenye adabu.

Nahodha Kavu: Na jasho je?

Tanga: Jasho la nani?

Nahodha Kavu: Mmeyaonja maji hayo? Nani kasema ni ya bahari? Injini ilichemka wiki iliyopita, ikapoa. Kitu chochote kikichemka kikapoa kinatoka jasho. Sasa watu wawili na mtoto wanalala mle ndani, wanapumua usiku kucha, milango imefungwa. Pumzi inapanda, inagonga dari, inashuka, inakutana na jasho la injini. Ndoo kumi na moja ni kidogo. Mimi nilitegemea kumi na tano.

Mimi: Mzee, yana chumvi! Yamenirukia mdomoni!

Nahodha Kavu: Jasho nalo lina chumvi.

Hapo nilitaka kulia na nilitaka kucheka, sikujua kipi kitangulie. Babu Injini alikuwa ameshafungua mdomo kujibu, na najua angejibu kitu cha ajabu zaidi, lakini ngazi ikagonga ukuta wa stoo. Alikuwa Dada Brashi, mama wa makamo anayepaka rangi matumbo ya boti, ovaroli yake ina rangi zote isipokuwa ile iliyonunuliwa nayo. Alikuja kuchukua kopo lake. Akasalimia, akamgusa mtoto shavu, akageuka kuangalia gati kama mtu anavyoangalia kazi yake aliyoimaliza, na akakunja uso.

Dada Brashi: Ule mstari wangu mwekundu uko wapi?

Tanga: Mstari upi?

Dada Brashi: Kwenye boti ya huyu binti. Wiki mbili zilizopita nimepaka mstari mwekundu ubavuni, vidole vinne juu ya maji, kuzunguka boti nzima. Mbele pale nauona. Huku nyuma uko wapi?

Tukaangalia. Mbele ya boti mstari ulikuwepo, mwekundu, umenyooka. Ukiufuata na macho kuelekea nyuma unaona unashuka, unashuka, na kabla ya kufika kwenye usukani unaingia majini na hautoki tena. Tanga akamwangalia Babu Injini. Babu Injini akanyoosha mkono wake mbele ya uso, akakunja kidole gumba na kile kidogo, akaviangalia vile vitatu vilivyobaki.

Babu Injini: Mama mtoto. Jana mlipakia nini?

Mimi: Nyumba.

Babu Injini: Nyumba gani?

Mimi: Nyumba nzima, babu! Kabati, kitanda cha chuma, cherehani na meza yake, madumu kumi na mawili ya maji, manne ya dizeli, mitungi miwili ya gesi, sanduku la vyombo, betri mbili, na lile sanduku lake la spana na jiliwa la kubania vyuma, wanaume wawili hawaliinui. Tumevipanga nyuma vyote, karibu na injini, maana mbele analala mtoto...

Sikumaliza. Niliona mwenyewe. Boti imekaa chini, nyuma imezama, na kama mstari wa vidole vinne umemezwa, basi mdomo ule wa vidole vitatu hauko tena juu ya bahari, uko chini yake, na vali iko wazi, na mgongo wa baba mtoto hauonekani tena kwenye tanga. Ameshuka ndani.

Nilifungua mbeleko nikamwekea Dada Brashi mtoto mikononi. Sikusema hata tafadhali. Nikakimbia, kandambili ile moja ikabaki njiani, mbao za gati zinanichoma nyayo, nikaruka ndani, nikateremka ngazi nikiwa nimeshika ukuta. Alikuwa amepiga magoti. Nati mbili ziko sakafuni. Ya tatu alikuwa anaizungusha.

"Acha!"

"Nini tena?"

"Usifungue! Mfuniko uko chini ya bahari, tumezama, mstari hauonekani, ni mizigo, ukifungua bahari yote inaingia humu!"

"Nani kasema? Wazee wanafungua hivi hivi siku zote."

"Wazee wanafungua boti tupu! Kaza hizo nati kwanza. Kaza, baba, nakuomba."

Akaniangalia. Kutoka pale alipozilegeza nati maji yalikuwa yanatiririka kwenye shaba, hayakuwa mengi, uzi tu, lakini uzi haukatiki. Akauona. Akazirudisha mbili zile za sakafuni, akakaza zote nne kwa vidole kama alivyofundishwa, na uzi ukapungua ukawa matone, lakini matone hayakukoma.

"Sasa funga vali," nikamwambia.

"Hatufungagi vali."

"Leo tunafunga."

Akainama, akaingiza mkono kule chini, akavuta. Akavuta tena, mshipa ukamtoka shingoni. Mkono wa vali haukusogea hata unene wa ukucha. Akakaa chini kwenye maji, mikono juu ya magoti, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane akaniuliza mimi.

"Tufanyeje?"

Nikashika dumu la kwanza. "Tunapakua."

Tukapakua. Madumu kwanza, halafu gesi, halafu lile sanduku la spana, na kijiwe chote kilikuja, hata Nahodha Kavu aliyesimama kwenye ubao wa kupandia mguu mmoja gati mguu mmoja hewani, akipokea mashuka. Tanga na Babu Injini walibeba cherehani huku wanabishana nani kaanza kurudi nyuma. Dada Brashi alikaa na mtoto kwenye kitanda changu cha chuma katikati ya gati, akawa anatupigia kelele: bado, bado, naona wekundu, ongezeni, kabati, toeni kabati. Kabati lilipotoka mstari ukaibuka mzima, unachuruzika, na ndani ya boti matone ya chujio yakakoma.

Hapo ndipo Babu Injini akashuka. Akafungua nati nne, polepole, akainua mfuniko. Maji yalikuwa yametulia mle ndani vidole vitatu chini, kama alivyosema. Akautoa ule mpira wa tyubu ya lori, akaukunja, ukakatika vipande viwili kama biskuti. Akachukua kisu akakwaruza mdomo wa chujio. Nilitegemea njano, shaba yetu ni ya njano. Ilitoka rangi ya waridi, na kisu kikaingia.

Babu Injini: Imekufa hii. Chumvi imekula zinki iliyokuwa inaishikilia, imebaki sponji.

Baba mtoto: Na wiki iliyopita ilivyochemka?

Babu Injini: Mpira huo huo. Boti ikiwa juu, pampu inavuta hewa hapa badala ya maji, ndiyo maana bomba linatema maji, linatema moshi. Boti ikiwa chini, bahari inaingia pale pale. Mwani hapana. Nilikosea.

Nahodha Kavu, kutoka juu: Na yavuyavu?

Babu Injini: Kunywa kahawa, Nahodha.

Mimi: Babu, hii vali, mara ya mwisho ilifungwa lini?

Akamwangalia Tanga, aliyekuwa ameinamia mlangoni. Tanga akamwangalia baba mtoto. Baba mtoto akaangalia sakafu. Wanaume wanne wanaojua kila kitu, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuigusa.

Nahodha Kavu: Mimi naona sasa mko salama. Mpira mpya unakatwa dakika tano, vyombo viende kwa lori, nyinyi mnaondoka saa sita kama mlivyopanga. Boti imepanda, mdomo uko juu, shida iko wapi?

Baba mtoto akaniangalia. Niliona anataka kukubali, niliijua ile Jumatatu ilivyomkaa kooni, na mimi mwenyewe sikuwa na pa kulala usiku ule zaidi ya kitanda kilichokuwa gatini. Lakini mpira ule wa kupandishia maji ukipasuka huko mbele, siku ya pili, bahari imechafuka, boti inalala upande, vidole vitatu vitatusaidia nini? Hakuna mtu wa kuiambia bahari ikae usawa.

"Hatuondoki," nikasema, "mpaka nione vali inafunga na kufunguka, kwa mkono wangu mimi, si wako. Na chujio jipya. Hili tunalitupa. Wakitusubiri Jumatatu wakatuona Alhamisi, watatuona tukiwa watatu."

Nikachomoa ufunguo wa injini nikautia kwenye mfuko wa nepi, chini kabisa, nikapanda juu, nikamchukua mtoto kwa Dada Brashi, nikakaa kwenye kitanda changu pale gatini na kumnyonyesha. Nyuma yangu nikamsikia baba mtoto amepiga simu, anamuuliza mwenye kreni kama leo ana nafasi ya kuitoa boti moja majini, na alipoulizwa sababu akasema, bila kusita, "Mke wangu hajaridhika na vali."